Wakoli Anaomba Kusomea Saikolojia

Wakoli, mwashi wa mtaa wa Matisi mjini Kitale, anajulikana kwa kusikiliza. Watu humwita awarekebishie ukuta, kisha humweleza mambo ya ndoa zao. Mwaka huu aliamua kuomba nafasi ya kusomea saikolojia katika chuo kikuu. Mkewe Nangila, anayeuza mahindi, alikubali kuibeba nyumba kwa miaka minne ya masomo, mradi mamake akubali kumlea mtoto wao.

Jumamosi wakaenda Bungoma kumwomba. Kwa desturi ya Wabukusu, mwanamume haketi na mama mkwe wala hamsemeshi uso kwa uso. Basi Wakoli aliketi nje, mgongo kwenye ukuta wa jikoni. Mama alikuwa ndani akipika, na Nangila alisimama mlangoni akipitisha maneno.

"Mwulize mkwe wangu, ati anaacha mawe akasomee wazimu?"

"Mwambie mama kwamba huu si wazimu. Ni kusaidia watu wenye mawazo mengi."

"Mwambie mawazo hayana shule. Mimi nilee mtoto, yeye akae akipiga domo na watu?"

"Si mnasikiana, bana!" Nangila akacheka. "Mimi naenda kuchuma kunde."

Wakoli akabaki na ukuta. Aliona ombi lake limekufa hapo, lakini hakujitetea. Kuku mmoja alikuwa akiparura karibu na miguu yake.

"Wewe kuku," akasema polepole, "tangu mzee atuache, mama analala kweli?"

Ndani, mama aliweka mwiko chini.

"Sufuria hii," sauti yake ikajibu, "inajua bado ninasonga ugali wa watu wawili. Nikikumbuka, umeshaiva."

"Kuku, na ule wa pili?"

"Naufunika. Sijui namfunikia nani."

Mama akaanza kulia. Siku ya mazishi ya mumewe alikuwa amewahudumia wageni bila chozi, na watu wakamsifu. Wakoli hakumwambia anyamaze, wala hakuondoka. Alikaa pale pale, kichwa ameinamisha, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Nangila aliporudi na kunde zake, alimkuta mamake akijifuta macho kwa leso.

"Kwani kumetokea nini?"

"Mwambie mkwe wangu aombe hiyo nafasi," mama akasema. "Na mtoto mlete mapema, kabla masomo hayajaanza, ndio anizoee."

Jumatatu asubuhi Wakoli alituma ombi lake.