Sikio na Injini ya Shemeji

Pale gereji aliitwa Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mafundi wenzake enzi za ujana wake, siku dereva wa lori alipoingia getini na kabla hajazima gari akaambiwa, "Vali yako moja imelegea, ya silinda ya mwisho." Waliifungua injini wakaikuta vali yenyewe imelegea. Tangu siku ile watu wakawa wanamletea magari yaliyowashinda wengine. Hakuwa na vyombo vya maana. Aliinama juu ya injini, akafumba macho, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza siri, halafu akasema kilichoharibika. Mara nyingi ikawa ndivyo.

Aliyapenda zaidi magari yenye turbo. Turbo linashindilia hewa ndani ya injini, na hewa ikiongezeka lazima petroli nayo iongezeke. Petroli ikipungua, mle ndani moto unakuwa mkali kupita kiasi, unalipuka ovyo, na injini inaanza kugonga. Mlio wake ni mdogo, kama changarawe ndani ya kopo. Fundi akiusikia anaongeza petroli, mambo yanaisha. Asipousikia, pistoni inayeyuka.

Sikio alikuwa akiusikia mlio huo akiwa upande wa pili wa barabara.

Kisha masikio yakaanza kumwacha. Hayakumwacha kwa kishindo. Kwanza alipotewa na filimbi ya birika, kisha simu ya mezani ofisini, kisha sauti za wanawake na watoto zikawa kama za watu wanaoongea chini ya blanketi. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo. Alijifunza kuweka kiganja juu ya injini na kuhisi mtetemo, na wateja wakadhani ni ufundi mpya. Wenzake wakicheka, naye alicheka. Akishindwa kabisa kumwelewa mtu, alisema, "Siku hizi mnaongea na ndevu zenu," na hata wasio na ndevu walicheka.

Mambo yakaenda hivyo mpaka shemeji yake aliponunua gari.

Huyu shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa fundi bomba, mtu mpana mwenye sauti nene ambayo Sikio alikuwa bado anaisikia vizuri. Labda ndiyo maana alipenda kukaa naye. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Shemeji alilitoa turbo la zamani, akaweka kubwa zaidi. Sasa ilibidi kutafuta kifaa cha kudhibiti petroli, kwa sababu kompyuta ya gari ilikuwa bado inapima mafuta ya turbo lile dogo. Alikuja gereji asubuhi moja, akafuta kiti kwa kiganja, akakaa.

"Shemeji, nimekuja unichagulie," alisema. "Kule duka la vipuri wana aina mbili. Kuna ile ya kutoa kompyuta yote ya gari na kuweka mpya. Ina kipimo chake kinachokaa kwenye bomba la moshi, kinasoma mafuta yamezidi au yamepungua, unaona kila kitu kwenye skrini. Halafu kuna kile kiboksi kidogo."

Kiboksi Sikio alikijua vizuri. Kinafungwa kwenye waya, katikati ya sensa na kompyuta, kazi yake kuidanganya kompyuta ili imwage petroli zaidi. Kina skrubu tatu ndogo. Unazungusha kwa bisibisi, unasikiliza. Unazungusha tena, unasikiliza.

"Chukua kiboksi," akasema.

"Wa dukani alisema ile kubwa ndiyo salama zaidi kwa turbo hili."

"Wa dukani anauza. Kiboksi hakiharibu kitu. Ukichoka nacho unakitoa, gari lako linabaki kama lilivyotoka kiwandani."

Aliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jingine ambalo hakulitamka. Kukubali ile ya skrini ilikuwa kukiri kwamba sasa anahitaji mashine imwambie kile ambacho maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu. Angeweza hata kukifunga kiboksi na bado akaazima kipimo cha moshi kwa fundi wa jirani. Hilo nalo hakulifanya, maana jirani angeuliza tangu lini Sikio anaazima kipimo.

Shemeji alimtazama kidogo, akainua mabega. "Kama ni wewe utakayekisimamia, mimi sina neno."

Alikifunga kwa uangalifu. Waya zilipita mahali pake, viungo vikafunikwa vizuri, hata fundi mwenye husuda asingepata pa kutia kidole. Wakatoka kwenda kujaribu kwenye barabara ya mlimani nje ya mji. Shemeji alishika usukani. Sikio alikaa pembeni na kiboksi mapajani, waya zake zikipenya hadi kwenye injini, bisibisi mkononi.

Mlima ulipoanza, shemeji alikanyaga. Turbo likaamka na gari likawasukuma migongo kwenye viti. Sikio akafumba macho. Alisikia ngurumo, na chini ya ngurumo hakusikia kitu. Akapunguza kidogo ile petroli ya ziada ili injini iwe nyepesi. Akasikiliza tena. Kulikuwa shwari. Akapunguza tena.

"Shemeji," yule wa usukani akasema, "kuna kitu kinagonga."

"Hakuna."

"Kama changarawe hivi. Nasikia."

Sikio alifumbua macho. Alitega masikio yote mawili kwa nguvu zake zote, akapata ile ngurumo tu, nene, bila doa. Lakini alijua shemeji hadanganyi. Mkono ungeweza kuirudisha ile skrubu, au mdomo ungesema tu, punguza mwendo. Badala yake alisema, "Hilo ni turbo jipya. Mimi ningesikia. Kanyaga."

Na shemeji, ambaye alikuwa ameisikia changarawe kwa masikio yake mwenyewe mazima, aliyakana masikio yake akakanyaga.

Sikio alijua injini imekufa kwa namna kiti kilivyotulia chini yake. Moshi wa bluu ulifunika kioo cha nyuma. Walisukuma gari pembeni, wakakaa juu ya jiwe, kila mmoja akitazama upande wake wa mlima, mpaka gari la kuvuta lilipofika.

Kesho yake waliifungua injini. Pistoni mbili zilikuwa zimetoboka katikati, kingo zimeyeyuka kama mshumaa, na kuta za silinda zilichanika kiasi cha kutofaa tena. Shemeji aliichukua pistoni moja, akapitisha kidole kwenye tundu, kidole kikatokea upande wa pili. Kisha, badala ya kugomba, alizunguka akasimama nyuma ya Sikio na kusema kitu kwa sauti ya chini. Sikio hakugeuka. Shemeji akarudi mbele, uso umemshuka.

"Nimekuita," alisema. "Nimekuita mara tatu."

Sikio aliifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

Jioni mkewe alimngoja mlangoni. Kaka yake alikuwa ameshampigia simu. Alimshika mume wake mashavu, akauelekeza uso wake kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayemtengeneza mtoto nywele.

"Miaka mingapi nakuzunguka ili unione ninapoongea?" aliuliza.

"Ulijua?"

"Baba watoto, nalala na wewe. Nisijue?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Hukunisikia."

Hapo wangeweza kucheka, siku nyingine. Mkewe alimwachia uso. "Kaka aliniuliza kama akuachie wewe ile kazi. Ulimi ulikuwa hapa. Nikajisemea moyoni, nikimwambia nitakuvua nguo mbele ya ndugu zangu. Nikanyamaza. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyeua gari lile."

Alimpeleka hospitali. Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamvika vipokea sauti, wakamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Kwa muda alibonyeza vizuri. Kisha kimya kikawa kirefu, naye akagundua kwamba mpimaji, yule mama wa upande wa pili wa kioo, huinamisha bega kidogo kila anapotuma mlio. Akaanza kubonyeza kwa kufuata bega. Yule mama alisimama taratibu, akageuza kiti, akampa mgongo. Sikio alibaki na kitufe mkononi, hana cha kukifuata.

Sauti nyembamba zilikuwa zimekwisha, aliambiwa, na hazitarudi. Ni kelele za gereji, na umri. Walimpa mashine ya kuweka sikioni. Ilikuza kila kitu: spana ikianguka ilikuwa bomu, honi ilikuwa kisu. Lakini mlio wa changarawe haukuwamo. Aliivaa kwa muda, kisha ikahamia kwenye droo pamoja na funguo zisizojulikana ni za mlango gani.

Shemeji alipata injini nyingine, akaipeleka gereji nyingine, akafunga ile kompyuta yenye kipimo. Hakununa wala kudai kitu. Alikuja kusalimia kama zamani, ila sasa aliongea kwa kupaza sauti na polepole, akitabasamu sana, na Sikio angeona nafuu kama angetukanwa. Habari ilizunguka. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri aliwachekesha watu kwa kusema kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Walicheka hadi walipomwona amesimama mlangoni, wakakatisha, bila kujua kwamba hakuna alichosikia.

Aliacha turbo. Siku hizi anafunga matairi na breki, kazi ambazo macho na mikono vinatosha. Jina halikubadilika, maana jina la utani halina mahali pa kulirudishia. Mteja mgeni akiuliza kwa nini mzee yule anaitwa Sikio, mafundi wanajifanya wana kazi.

Wakati wa likizo binti yake alikuja na mtoto wake wa kike, wa umri wa kuanza kung'oka meno. Mtoto alimpanda babu yake mapajani, akaweka mikono miwili kuzunguka sikio lake, akamnong'oneza maneno mengi. Sikio alihisi pumzi ya moto na mate kidogo. Mtoto alijitenga, akamkazia macho, anangoja.

Akatikisa kichwa kukubali.

Mtoto alikimbia jikoni. Sikio aliona mdomo wake ukifunguka na kufungika kwa furaha mbele ya bibi yake, na akaona bibi akishusha sahani na kugeukia dirishani, kama mtu anayejua kwamba mumewe hakusikia hata neno. Alichokubali hakukijua, na hakuwa na uso wa kuuliza.