Kifyatulio cha Bunduki ya Babu

Bunduki ya babu ilitundikwa ukutani juu ya sofa, kwenye fleti yetu ya kaunsili Walthamstow, London, na kila mgeni aliyeketi chini yake alikunywa chai ameinamisha kichwa. Ilikuwa bunduki ya gumegume: ukivuta kifyatulio, nyundo iliyobana jiwe huangukia kipande cha chuma na cheche huruka. Mhunzi mmoja wa Unguja aliifua kwa mkono, na hakuna skrubu mbili zilizolingana. Mtutu ulizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa tangu babu yu hai, kwa hiyo haikuweza kuua hata panzi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuozesha.

Ukoo wetu una desturi ambayo sijaikuta kwa watu wengine. Bwana harusi akifika mlangoni, baba wa bibi harusi huinyanyua bunduki na kuvuta. Zikionekana cheche, wanawake hupiga vigelegele na bwana harusi huingia. Zisipoonekana, hasogei mtu. Dada yangu mkubwa alipoolewa, mwaka tisini na sita, kifyatulio kilikuwa kigumu kiasi kwamba baba alivuta kwa vidole viwili, kisha vinne, mwisho akaibana bunduki kwa magoti kama anayekamua mbuzi. Cheche zilitoka, lakini watu walikuwa wameshacheka. Baba alinuna mpaka Idi.

Miaka saba baadaye, mdogo wetu wa mwisho alipochumbiwa, baba hakuzungumzia pilau wala ukumbi. Alitaka kifyatulio kilainishwe, maana vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. Akampelekea bunduki Mzungu mmoja, fundi wa silaha za kale, akaambiwa kitu cha kale hakiguswi. Akamwendea jirani, fundi bomba. Mimi nilikuwa nimekaa palepale sofani, nimepakata cherehani ya mteja niliyoifungua matumbo yote, wala hakunitazama.

Hapa lazima nieleze. Baba alinisomesha uuguzi, nikaacha mwaka wa pili, nikafungua kibanda cha kutengeneza cherehani karibu na soko. Wanawake wa Tottenham, wale wa Kongo wanaoshona sare za kwaya, walisafiri na cherehani zao kwenye basi kuniletea, na wote waliniita fundi. Baba alikiita kibanda changu "ule mchezo wako". Nilitaka aniite fundi, hata mara moja tu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilitaka jambo hilo kama mtoto anavyotaka pipi.

"Nipe mimi," nikamwambia, jirani alipokataa.

"Wewe? Hii si cherehani, mwanangu."

"Ni springi na vyuma, baba. Cherehani ina springi chungu nzima."

Alinipa kwa sababu hakuwa na mtu mwingine. Nilipoifungua, nikakuta kifyatulio chenyewe ni ulimi wa chuma tu, umetobolewa katikati na kupitishwa msumari, na ncha yake ya juu inasukuma kijino kinachoizuia nyundo. Kijino kilikuwa na kutu na makovu. Nikakisugua kwa tupa. Nikasugua tena, safari hii kwa hasira, maana baba alisimama mgongoni kwangu akisema, "Taratibu, wee!" kila nilipovuta pumzi. Matokeo yake kifyatulio kikawa chepesi kupita kiasi. Niliiegemeza ukutani nyundo ikiwa imevutwa, jirani wa juu akabamiza mlango, nyundo ikaanguka yenyewe na cheche zikarukia mtandio wa shangazi aliyekuwa amekaa sofani.

"Mnataka kunchoma nzima nzima!" akapiga kelele. "Wedding yenyewe bado!"

Nikahangaika wiki nzima. Mwisho nikakata kipande cha springi ya cherehani mbovu, nikakichomeka nyuma ya ule ulimi, nikajaribu, nikapunguza, nikajaribu tena. Kikakaa sawasawa: kidole kimoja kilitosha, na mlango wa juu ungeweza kubamizwa kutwa. Baba akavuta mara moja, akaguna. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Asubuhi ya harusi nikaifanyia kama ninavyofanyia kila kazi kabla haijatoka mkononi mwangu: nikaipaka mafuta. Fundi wa cherehani hakabidhi kitu kikavu. Nikapaka kifyatulio, nikapaka skrubu, na kwa mapenzi tu nikapaka mpaka jiwe, na kile chuma kinachopigwa na jiwe. Iling'aa, nikajipongeza.

Ukumbi ulikuwa Tottenham, na mvua ilikuwa inanyesha. Bwana harusi akasimama mlangoni, nusu yake chini ya mwavuli. Baba, kanzu imenyooka, akainyanyua bunduki na kuvuta kwa kidole kimoja. Tak. Akavuta tena. Tak. Kifyatulio kilikuwa laini ajabu, na hapakuwa na cheche hata moja. Wanawake walisubiri midomo wazi.

"Dad, he's getting soaked," bibi harusi akasema. "Please, just let him in."

"Ataingia vipi, na cheche hazijatoka?"

Tak. Harufu ya mafuta ya cherehani ikanifikia pale nilipokuwa, nikaelewa kila kitu: jiwe lenye mafuta huteleza tu, halitoi cheche. Nikajificha nyuma ya shangazi. Baba akageuka, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia: "Fundi yuko wapi? Niitieni fundi wangu!"

Watu wakaanza kutafuta mwanamume. Nikajitokeza kwa aibu na kwa furaha, na sitasema uongo, furaha ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Nikashika upindo wa gauni langu la hariri, nililolishona mwezi mzima, nikafuta jiwe na chuma mpaka hariri ikawa nyeusi.

"Umepaka mafuta?" baba akaninong'oneza.

"Nimepaka."

"Kwenye jiwe?"

"Kwenye jiwe."

"Fundi gani wewe!"

"Wa cherehani, baba."

Akavuta. Cheche zikaruka, vigelegele vikapasua ukumbi, na bwana harusi akaingia amelowa chapachapa.

Tangu siku hiyo baba alimsimulia kisa hicho kila mgeni aliyeketi chini ya bunduki. "Fundi wetu huyo," alisema, akinionyesha kwa kidevu, "alipaka mafuta jiwe la gumegume!" Wageni walicheka, mimi nikamimina chai. Alikuwa akinitia aibu makusudi, miaka na miaka, na sikumkatiza hata siku moja.