Digrii Mia Tisa

Mwaka ule wa mgao wa umeme nilikuwa na mtoto wa miezi mitano na kibarua kwenye maabara ya chuo, kibarua ambacho mwisho wa mwezi wangekithibitisha au kukikata. Natoka Temeke alfajiri, maziwa yanavuja hadi kwenye gauni. Kazi yangu ilikuwa tanuri la umeme. Tulichoma unga mweupe, oksidi ya titani, ule ule unaotiwa kwenye rangi za nyumba, ila wetu chembe zake ni ndogo mno, hata darubini ya kawaida haizioni. Bosi wa mradi, msomi aliyesomea Ulaya, alitaka unga huo usafishe maji kwa nguvu ya jua.

Siri ya unga ule ni moto tu. Digrii mia nne na hamsini kwa saa tatu, chembe zinajipanga vizuri na kubaki ndogo. Ukizidisha sana zinavimba, zinagandana, na mpangilio wake wa ndani unakuwa mwingine kabisa. Ukishageuka haurudi. Mie wa kidato cha nne nililielewa hilo.

Siku hiyo umeme ulikatika tukiwa katikati. Uliporudi saa nane, bosi, ambaye kesho yake alikuwa na wageni, akazungusha kitufe hadi mia tisa.

"Bosi, utaharibika."

"Mama mtoto, hujawahi kupika maharage? Ukichelewa unaongeza kuni."

Mafundi wawili wakacheka. Nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake tukaweka juani chupa mbili za maji yaliyotiwa rangi ya buluu: moja na unga wa wiki iliyopita, nyingine na wa jana. Kufika adhuhuri, chupa ya kwanza ilikuwa imetakata. Ya pili buluu ile ile, unga umetuama kama mchanga.

"Huyu dada ana mtoto mchanga, halali usiku," bosi akawaambia wageni, nami nimesimama hapo hapo. "Alizidisha moto."

Jioni akaniletea karatasi ya kukiri kosa. "Saini tu, sista. Nitakusamehe, na kazini utathibitishwa."

Kazi niliitaka, nisidanganye. Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: moto aliongeza bosi, saa nane mchana, mafundi wawili wakiona. Nikasaini hapo.

Mwisho wa mwezi akaajiriwa mwingine. Msichana wa watu akanifuata nyumbani kuniuliza tanuri linaendeshwaje. Nikamweleza yote, mtoto yuko titini. Nikamwambia akiambiwa aongeze moto, amri hiyo aidai kwa maandishi.