Ouma Alitembea Hadi Mwisho wa Nchi

Usiniambie niliota. Nilikuwa macho, jua lilikuwa juu, na hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo hadi leo. Watu wa Mombasa nao hunicheka nikisema ziwa letu lina mkondo. Ati ziwa halijai wala halipwi. Sawa. Waje wazunguke rasi ya Uyoma kwa tanga, upepo ukiwa unasukuma maji yote kutoka ghubani, halafu wanicheke vizuri.

Ilikuwa ule mwaka magugu ya majini yalipoanza kuziba fukwe za Kisumu. Ndugu yangu Ouma alifia hospitalini mjini, na tulikuwa tunampeleka kwetu, ng'ambo ya rasi, azikwe. Mama alikuwa huko anamngoja. Sasa, kwetu maiti haibebwi kama gunia. Unamwambia: Ouma, tunaondoka hapa, twende nyumbani. Mkifika kwenye maji unamwambia tena: hapa tunavuka, panda. Anayesema ni ndugu mkubwa. Ni maneno mawili tu, hayataki mganga wala kuku.

Lakini ndugu yetu mkubwa, Joshua, alikuwa ameokoka. Pale mochari nilimkumbusha, akanikemea mbele ya watu wa kanisa lake.

"Wewe nyamaza. Sisi hatuongeangi na wafu. Huyo ni mwili tu."

Mwacha mila ni mtumwa, husema watu. Yule alikuwa mtumwa wa macho ya wenzake. Ouma akapakiwa kwenye lori kimyakimya, tukapita Kombewa, tukafika ufuoni Asembo, akashushwa, akapakiwa kwenye boti ya tanga, na bado hakuna aliyemsemesha. Niambie, hata mgeni unaweza kumhamisha hivyo?

Tulikwenda vizuri hadi kwenye rasi. Hapo nchi inaishia kwenye mawe meusi, na ukishayapita unaona kwetu. Nahodha wetu, Mzee Okelo, alikuwa akizunguka pale tangu ujana wake. Akaielekeza boti nje, tanga likajaa. Boti ikakataa. Niamini, tanga lilikuwa limevimba na povu linapita ubavuni, lakini yale mawe hayakurudi nyuma hata kidogo. Kisha mkondo ukatushika, ukaanza kutusukuma kuelekea miambani.

Ndipo nikamwona mtu ameketi juu ya jiwe la mwisho. Alikuwa na suti nyeusi. Suti ile niliipiga pasi mimi mwenyewe, nikaipeleka mochari kwa mkono huu. Viatu hakuwa navyo, maana hatukumvalisha. Alikuwa anasugua nyayo zake, kama mtu aliyetoka mbali kwa miguu.

Sikupiga kelele. Nilidhani macho yamechoka kwa kulia. Mzee Okelo akageuza, akajaribu tena, na mkondo ukaturudisha karibu zaidi na mawe. Sasa yule mtu alikuwa amesimama, anakunja suruali hadi magotini, vile Ouma alivyofanya kila alipotaka kupanda boti. Akaingia majini. Akatutazama. Lo! Sijawahi kuona mtu amekasirika vile.

Mzee Okelo alikuwa amemwona pia.

"Huyu mtu wenu mlimwambia anaenda wapi?" aliuliza.

Alitukazia macho.

"Si nauliza? Mlimwambia ama hamkumwambia?"

Nilimgeukia Joshua. Alimwona, naapa alimwona, maana uso wake ulikuwa umepauka. Unajua alifanya nini? Alifungua Biblia akainamisha kichwa. Maji yanaingia, mke wa Ouma amelikumbatia jeneza, sote tunaelekea kufa, na bwana mkubwa anasoma!

Hapo maji yalizidi unga. Nikasimama nikishikilia mlingoti, nikapaza sauti.

"Ouma! Omera, ndugu yangu, utatuua? Tumekukosea, ndiyo, lakini Mama yuko pale ng'ambo anakungoja! Wacha hasira. Panda, twende nyumbani!"

Boti ikadidimia. Sote tulihisi, vile inavyoshuka mtu mzima anapopanda. Kwenye mawe hakukuwa na mtu tena. Tanga likavuta na tukaizunguka rasi bila shida yoyote.

Nyumbani jeneza lilifunguliwa ili Mama amwone mwanawe. Mbao zilikuwa kavu, nje na ndani. Ouma alilala na suti yake, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu imelowa, nyayo zimepasuka na kujaa matope mekundu ya barabarani. Mama akaushika mguu mmoja. Hakulia. Alituangalia mmoja mmoja, kisha akauliza:

"Ni nani amefanya mtoto wangu atembee?"

Joshua alisema ni maji ya boti. Mpaka leo anasema hivyo, na watu wa kanisa lake wanaitikia amina. Mama hakupokea chakula kutoka mkononi mwake tena hadi alipokufa. Nami siketi naye meza moja, na usinishauri nimsamehe, wengi wameshajaribu.

Wewe unayesoma, okoka, usiokoke, hayo ni yako na Mungu wako. Lakini siku utakayokwenda kumchukua mtu wako, fungua mdomo umwambie mnakwenda wapi. Kutoka Kisumu hadi yale mawe ni mbali, na ndugu yangu aliutembea mwendo wote ule bila viatu, akilifuata jeneza lake mwenyewe.