Nusukaputi na Sebule ya Mkewe

Mdogo wangu tulimwita Nusukaputi, maana jukwaani alikuwa hafi akamaliza. Akichomwa kisu mwanzo wa mchezo, watu wanakwenda kula, wanarudi, yeye bado anakata roho. Siku moja muuaji wake alichoka, akatafuta kiti.

"Wewe, kufa utuache!" akafoka mkuu wa kikundi, akamfukuza.

Akageukia kuchapisha vitabu vya hadithi. Mashine aliiweka jikoni. Ikinguruma, masufuria yanacheza. Vitabu akavinadi sokoni kwa kuvisoma huku analia. Haki ya nani, alilia mpaka dagaa wakavu wakalowa! Lakini watu wakishasikia mwisho wanapangusa macho, haoo, wamekwenda.

Nikamwambia, "Jukwaani kumaliza kulikushinda, leo ndiyo umejifunza? Komea njiani!"

"Kweli, dada."

Akakomea njiani. Vitabu vikagombaniwa.

Utamu ukamkolea. Mchoraji wa majalada yake alikuwa na picha kibao zinaozea uvunguni. Basi Nusukaputi akatoa kabati la vyombo la mkewe, akalitupa uani, akapigilia misumari sebule nzima, akazitundika, akaandika mlangoni: Nyumba ya Sanaa.

Wifi yangu hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba Watoto," alisema taratibu, "jua likizama hajaingia mtu, kabati langu linarudi, na hizo picha ni kuni."

Adhuhuri, hakuna mtu. Alasiri akaingia kuku. Mdogo wangu akavaa joho lake la ufalme, akasimama kizingitini.

"Jamani! Humu kuna picha ya mwanamke kashika kitasa. Nje wanabisha wanaume wawili. Mmoja mumewe. Wa pili..." Akanyamaza.

"Wa pili nani?" akadakia fundi viatu.

"Ingia umtazame mwanamke usoni, mjomba."

Fundi akaingia, na mtaa nyuma yake. Wakatoka wanabishana.

"Ni kaka yake!"

"Kaka gani wa kumtoa mtu jasho vile?"

Jua linazama, wifi akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Akamkabili mumewe.

"Wa pili nani?"

"Ingia, Mama Watoto."

Akaingia. Akakaa humo mpaka chungu kikaungua. Alipotoka alisema tu, "Yule hafungui mlango."

Kabati liko uani hadi leo, kuku wanatagia kwenye rafu ya vikombe. Na nikimuuliza wifi kwa nini yule hafungui, ananijibu niingie nikatazame.