Krenki Ndefu na Viazi vya Mavuno

Wiki mbili kabla ya Jumapili ya Mavuno, Gladwell alimpigia simu shemeji yake Kiunga.

"Mwaka umeisha, shemeji," alisema. "Mchungaji amekubali tumkumbuke ndugu yako Baba Kinya siku hiyo hiyo, baada ya sadaka. Mimi sitaweza kusimama. Wewe ndiwe utasimama. Uwaambie vijana vile ulimwonya ndugu yako akakataa kusikia. Labda mmoja atapona."

Kiunga alikuwa katika karakana yake nyuma ya soko la Gakoromone, spana mkononi, mafuta yamemfika kiwikoni. Akasema, "Sawa, Mama Kinya." Simu ilipokatika aliketi juu ya tairi kuukuu, na pampu ya maji aliyokuwa akiitengeneza haikuguswa tena siku ile.

Maana hakumwonya. Hilo ndilo lililomla mwaka mzima kama mchwa alavyo boriti: kwa nje nyumba imesimama, ndani ni unga.

Watu waliomjua Kiunga wangeona vigumu kuamini, kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo. Kazi alifunzwa Embu mjini na mzee mmoja, Njiru, aliyemfagiza karakana miezi sita kabla ya kumruhusu kugusa nati. Kwa Njiru alijifunza kupima injini kwa chingamu. Unaitafuna mpaka sukari iishe, unaibandika juu ya pistoni, unafunga injini na kuizungusha kwa mkono mara mbili. Ukifungua, unapima unene wa chingamu iliyobanwa. Ikiwa nyembamba mno, usithubutu kuwasha: pistoni itagonga vali na kazi yote itakuwa vyuma chakavu. Wateja waliotoka Kangeta, ambao hawakosi chingamu mfukoni kwa kuwa huitafuna pamoja na miraa, walimtania.

"Fundi, wewe ni shemasi wa kanisa lakini shavu linacheza kutushinda!"

"Yenu mnatafuna kuua saa," aliwajibu. "Yangu natafuna isije ikaua mtu."

Maneno hayo aliyasema mara nyingi, na watu walicheka. Siku hizi hayasemi.

Ndugu yake Murungi alimtangulia kuzaliwa kwa miaka sita. Ndiye aliyebaki na shamba la viazi Kibirichia, na ndiye aliyejulikana. Kiunga alipokwenda kanisani kwao juu ya kilima, aliitwa mdogo wa Murungi, yule aliyekwenda mjini. Na Murungi alikuwa mtu asiyeuliza. Akinunua ng'ombe, mkewe alijua siku ng'ombe anapoingia zizini. Alipofanyiwa upasuaji wa goti, Gladwell aliambiwa akiwa tayari amelazwa. "Nikuulize ili unikataze?" ndivyo alivyosema, na kucheka kwa sauti iliyofika kwa jirani.

Basi goti lilipomshinda kutembea mashambani, alinunua kwodi, ile pikipiki ya magurudumu manne, kutoka shamba la maua lililokuwa likiuza vitu vyake upande wa Timau. Akaifungia trela ndogo nyuma. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Lakini kwenye mteremko wa kwenda kanisani, ikiwa na magunia mawili tu, ilitweta kama mgonjwa wa pumu. Hapo ndipo akaileta Gakoromone.

"Kiunga, hii kitu ina magurudumu manne na nguvu ya kuku."

"Injini ni ndogo, mzee."

"Basi ifanye kubwa. Si wewe ndiye fundi?"

Njia ilikuwapo. Ndani ya kila injini kuna krenki, kile chuma kilichopinda ambacho pistoni hukizungusha inapopanda na kushuka. Ukitoa krenki ya asili na kutia nyingine ambayo mpindo wake umesogezwa mbali zaidi na kitovu, pistoni itasafiri mwendo mrefu zaidi juu na chini, itavuta hewa na mafuta mengi zaidi, na injini ile ile itapata nguvu mpya ya kupanda mlima. Mafundi huiita krenki ndefu. Kiunga alikuwa ameitamani kazi hiyo kwa miaka, ila hakuwahi kupata mteja.

Aliagiza kwa Hersi, muuza vipuri wa mjini Meru. Mzigo ulipofika, Hersi aliushika mkononi akaupima uzito.

"Wallahi, ndugu yangu, wewe unataka kumfundisha punda kuruka. Shika. Na hii karatasi usitupe, ndiyo sheria yake."

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema kwamba pistoni na silinda vikiwa vipya lazima vizoeane kwanza: saa ishirini za mwendo wa polepole, bila mzigo, bila kuvuta chochote. Kiunga aliyajua hayo tangu kwa Njiru. Hata hivyo aliikunja akaitia ndani ya Biblia yake, mahali anapoweka vitu visivyopaswa kupotea.

Kazi yenyewe aliifanya kwa siku tisa. Alikwangua ndani ya nyumba ya injini ili krenki ipate nafasi ya kuzunguka. Alichonga bamba la alumini akaliweka chini ya silinda, ili pistoni iliyoongezewa safari isitokeze juu. Alitafuna chingamu, akapima, akafungua, akapima tena. Ilipowaka mara ya kwanza sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, na Kiunga aliinamisha kichwa akamshukuru Mungu.

Jumamosi ya kesho yake Murungi akaja kuichukua. Mashine ilikuwa imefanya kazi saa tatu tu.

"Kesho ni mavuno," Murungi alisema. "Nimemwekea Bwana magunia sita. Itabeba?"

Kiunga alikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, na lilikuwa kwenye Biblia iliyokuwa juu ya rafu, hatua tatu kutoka aliposimama. Lakini aliona pia kitu kingine. Aliona watu wa kanisa wamesimama uwanjani wakati kila kijiji kinapoleta mazao yake kabla ya mnada wa sadaka za mavuno, wakiangalia bondeni, na kwodi ikipanda kile kilima na magunia sita bila kutweta. Akasikia wakiulizana, nani ametengeneza hii? Na jibu: ni Kiunga.

"Itabeba, mzee."

Murungi hakupanda. Alisimama mkono juu ya usukani, akamtazama. "Una uhakika?"

"Nenda tu."

Jumapili asubuhi Kiunga aliwahi kanisani kabla ya kengele, apate mahali pazuri pa kuona. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa umelowa. Aliisikia kabla ya kuiona, ile sauti nzito, na mzee mmoja karibu yake akasema, "Hiyo ni lori?" Kiunga akatabasamu. Kwodi ikatokea kwenye kona ya chini, Murungi amevaa koti lake jeusi la ibada, magunia yamefungwa kwa kamba nyuma. Ilipanda. Ikafika katikati ya kilima. Kisha sauti ikakatika ghafla, kama mtu aliyekabwa koo.

Kiunga alijua papo hapo. Pistoni mpya ilikuwa imepata moto, ikavimba, ikang'ang'ania silinda. Magurudumu ya nyuma yakafunga, trela ikavuta kila kitu chini kwenye utelezi, ikakingama njiani, ikapinduka. Alikimbia huku akianguka na kuinuka. Viazi vilikuwa vikibingirika kumpita.

Murungi hakufika hospitalini akiwa hai.

Mazishini, watu walisema yale ambayo watu husema. Wakazungumza juu ya utelezi, juu ya saa ya Mungu. Kisha, kwa sauti ya chini, wakazungumza juu ya kichwa kigumu cha marehemu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema mmoja, na mwingine akamwambia, "Sasa mkuu si alikuwa yeye mwenyewe?" Na Gladwell, macho makavu, alimshika Kiunga mkono kando ya kaburi akasema, "Najua ulimwambia, shemeji. Yeye na lile sikio lake."

Kiunga alinyamaza. Mara ya kwanza alinyamaza kwa uchungu. Mara ya pili alinyamaza kwa kuwa alikuwa amenyamaza ile ya kwanza. Baadaye aliifungua injini, akaiona pistoni imechubuka na kushikana na silinda, akaifunga tena bila kumwambia mtu. Kwodi ilirudishwa Kibirichia ikafunikwa turubai. Tangu hapo hakuikaribia Meza ya Bwana. Kikombe kilipopitishwa alisema tumbo linamsumbua, na kwa mwaka mzima kanisa lilimwombea tumbo.

Sasa alikuwa anatakiwa asimame mbele ya madhabahu ampake marehemu matope kwa mara ya mwisho.

Siku mbili kabla ya ibada alikwenda Kibirichia. Alimkuta Gladwell uani, ameketi kwenye kigoda, anachagua viazi: vikubwa kwenye gunia, vidogo kando kwa mbegu.

"Karibu, shemeji. Umeandika utakayosema?"

"Mama Kinya, siwezi kusema nilimwonya."

"Najua ni uchungu. Sema kidogo tu."

"Si uchungu. Sikumwonya." Akatoa ile karatasi katika Biblia, akampa kwa mikono miwili.

Gladwell alifuta vidole kwenye leso akaisoma, midomo ikicheza. Akaisoma tena.

"Hii ilikuja lini?"

"Ilikuja na krenki."

"Na yeye aliiona?"

"Hapana. Nilikuwa nayo hapa ndani. Aliniuliza kama itabeba magunia sita. Nikamwambia itabeba. Nilitaka watu waione ikipanda. Ni mimi, Mama Kinya."

Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa kiazi cha uso. Gladwell aliweka karatasi magotini akailaza kwa kiganja.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza. Mara mbili."

"Murungi aliuliza." Alilisema polepole. "Miaka ishirini na sita namwambia, Baba Kinya, uliza kwanza. Uliza. Mimi napita pale kaburini kila asubuhi na ndoo ya maji, mwaka mzima, na sijamtazama. Nilisema moyoni, ulitaka mwenyewe. Uliniacha kwa kiburi chako." Akaitazama karatasi. "Kumbe aliuliza."

Kiunga alipiga magoti kwenye udongo uliopukutika viazini. "Nisamehe."

"Inuka." Hakumtazama. "Jumapili utasimama, na utasema aliuliza. Utaanza na hilo, kabla ya kusema lingine lolote."

"Na mimi?"

"Wewe tutaongea siku nyingine. Leo sina nafasi yako."

Alichukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akavuka uwanja hadi kwenye kaburi lililokuwa chini ya mti wa mgrevilea. Magugu yalikuwa yamefika magotini, jambo ambalo majirani walikuwa wamelisema sana. Alianza kulima kwa nguvu, kisha akaliacha jembe, akainama, akang'oa kwa mikono.

Kiunga alimfuata hatua chache. "Nikusaidie?"

"Usiguse."

Akarudi. Hakuona vizuri kuondoka, wala hakujua pa kuweka mikono yake. Mwishowe aliketi pembeni ya kile kigoda, chini, akaanza kuchagua viazi alivyoviacha Gladwell: vikubwa kwenye gunia, vidogo kando. Alikipima kila kimoja kiganjani kabla ya kukiweka.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa mti wakati Gladwell alipoita bila kugeuka.

"Mara mbili, ulisema?"

"Mara mbili, Mama Kinya."