Nimemtukana Mzee wa Watu kwa Sababu ya Ayalandi

Jamani, wiki tatu nimebishana na mtu bila kumpa shikamoo!

Si mnamjua yule "Msomaji" wa kule jukwaani? Yule anayeng'ang'ania kwamba vyama viwili vikubwa vya Ayalandi vilikuwa kitu kimoja, vikagawanyika kwa ajili ya mkataba na Waingereza?

Leo niko intaneti kafe pale stendi. Nimeshamjibu, najiona bingwa.

Kwenye kompyuta ya jirani amekaa mzee wa kanzu na lundo la magazeti ya Ulaya. Macho yamechoka, kwa hiyo akamwomba dada wa kafe amsomee kilichoandikwa kwenye skrini.

Dada akasoma, tena kwa sauti:

"Gazeti lako hilo ni la kufungia maandazi."

Maneno yangu hayo!

Nilitamani kuingia chini ya meza. Nikasimama. "Shikamoo, mzee. Ni mimi niliyeandika."

Akanitazama weee. "Marahaba. Kumbe mtoto mdogo hivi! Kaa. Ule mkataba hujauelewa."

Ni mwalimu mstaafu. Magazeti anatumiwa na Mwayalandi waliyefundisha naye zamani. Kila Jumamosi anapanda basi kutoka Kondoa, kuja kunijibu mimi.

"Kondoa nzima nani atabishana nami habari za Ayalandi?"

Akanionyesha ukurasa. Yuko sahihi kabisa.

Nawaambia ninyi wa kikundi hiki tu, maana yeye hayumo. Nimemkatalia palepale, nilaumuni mkitaka.

Nikikubali, Jumamosi atapanda basi kuja kubishana na nani?